Ziro Haianzi Kidato cha Nne



Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima huwa na wiki moja ya kelele. Simu zinashikwa, namba ya mtahiniwa inatafutwa, nyumba hii wanapiga vigelegele na nyumba ya jirani mlango umefungwa. Halafu inakuja zamu ya lawama. Mzazi anasema walimu hawafundishi. Mwalimu anasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Mkuu wa wilaya anawaita wakuu wa shule na kuwataka wajieleze kwa maandishi. Mtoto mwenyewe, aliyekaa na ile karatasi mbele yake, hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya "umepata ngapi?"

Leo nataka tumuulize. Kwa sababu ukikaa naye vizuri, ukafungua karatasi ya mtihani na kumwambia akusomee swali, utagundua jambo ambalo kelele zote zile hazilitaji. Wengi wa watoto wetu hawafiki hata mahali pa kushindwa kulijibu swali. Wanakwama kabla ya hapo, kwenye kulielewa.

Turudi kwenye mwaka ambao wengi wetu hatujausahau. Mtihani ulifanyika Oktoba 2012, na matokeo yakatangazwa Februari 2013 na aliyekuwa Waziri wa Elimu, Dakta Shukuru Kawambwa. Kati ya watahiniwa karibu laki nne wa shuleni, zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri. Ni watoto sita katika kila kumi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume ya kuchunguza. Mwezi Mei serikali ikafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, kwa maelezo kwamba utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa. Yalipotoka tena, waliofaulu walifika asilimia 43 hivi. Maana yake ni kwamba hata baada ya kupangwa upya, walioshindwa walibaki kuwa zaidi ya nusu.

Siku zile kilichozungumzwa vijiweni na kwenye magazeti ni vijitabu vya majibu. Ilielezwa kwamba baadhi ya watahiniwa waliandika mashairi ya bongo fleva, wengine wakachora vikatuni. Watu walicheka sana. Mimi sikuweza kucheka, na mpaka leo nashindwa. Hebu mtazame kijana wa miaka kumi na saba ndani ya chumba cha mtihani. Amesoma swali la kwanza mara tatu. Kuna maneno mawili anayatambua, yaliyobaki hayajui. Amekwenda la pili, hali ni ileile. Kalamu iko mkononi, msimamizi anapita kati ya madawati, na muda uliopangwa ni saa tatu. Ataandika nini? Ataandika anachokijua. Yule kijana alikuwa anatuambia, kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, kwamba kwa miaka minne alikuwa anakuja shuleni na kurudi nyumbani bila kuelewa kinachosemwa.

Na kundi lile lilipitaje mpaka likafika pale? Mwaka 2004 nchi yetu ilikuwa na shule za sekondari zaidi kidogo ya 1,200. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Nyingi kati ya hizo ni shule za kata, zilizojengwa kwa matofali, mchanga na michango ya wananchi wenyewe. Nasema bila kusita kwamba lilikuwa jambo jema. Kabla ya hapo, mtoto wa mkulima aliyefaulu darasa la saba aliweza kabisa kukosa nafasi ya kuendelea, akabaki kulima shamba lilelile la baba yake. Tatizo ni kwamba majengo yalikwenda mbio na walimu hawakuweza kuyafuata. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, na wananchi wakawabandika jina la "vodafasta." Baadhi yao walijitahidi kwa moyo wote na leo ni walimu hodari. Lakini wakati ule mmoja wao aliweza kukabidhiwa madarasa manne, masomo mawili na watoto mia mbili, katika shule isiyo na kitabu cha kutosha wala umeme. Juu ya hapo, kwa miaka kadhaa mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa kidato cha pili hakulazimika kurudia darasa. Alipanda na ziro yake mpaka kidato cha nne, na sisi tukaja kushangaa siku ya mwisho.

Sasa nataka tufungue daftari. Si la mtoto mmoja, kwa sababu nimefungua mengi na yanafanana. Ni daftari la Jiografia la mwanafunzi wa kidato cha pili, shule ya kata ya kutwa. Limevishwa gazeti lisichafuke. Vichwa vya habari vimeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari kwa rula, mwandiko unapendeza. Ukianza kusoma ndipo moyo unapouma. Sentensi inaanza, inakatika katikati, inaingia nyingine isiyohusiana nayo. Neno la Kiingereza la silabi nne limepoteza silabi moja. Jina la aina ya mwamba limegeuzwa herufi mpaka halitambuliki tena, na limerudiwa hivyohivyo mara tano ndani ya ukurasa. Makosa hayo yalianzia ubaoni. Mwalimu ana vipindi vingi kuliko anavyoweza, akampa monita kitabu aandike nukuu. Monita akanakili haraka asichokielewa, kengele isije ikamkuta njiani, na wenzake hamsini wakanakili kutoka kwake. Chini ya ukurasa kuna tiki ya mwalimu na tarehe.

Binti mwenye daftari lile si mvivu. Analala saa sita usiku akisoma kwa tochi ya simu ya mama yake. Anakariri ukurasa mzima, anaweza kukuimbia kuanzia juu mpaka chini. Siku ya mtihani swali limegeuzwa kidogo tu. Nukuu zake zinataja aina za mmomonyoko wa udongo. Swali linamtaka aeleze kwa nini mteremko mmoja umeliwa na maji kuliko mwingine ulio jirani yake. Katika swali zima ameona neno moja analolijua, na hilo linamtosha. Anamwaga yote aliyokariri, kurasa mbili zimejaa. Anarudi nyumbani na furaha: "Mama, pepa ya leo ilikuwa nyepesi." Matokeo yakitoka ana F, na mama anaamini mtoto amerogwa au amedhulumiwa na msahihishaji.

Haya siyabuni. Baraza la Mitihani huandaa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, na ndani yake huweka nakala za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa na watoto wenyewe. Zisome. Sababu zinazojirudia ni zilezile: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, mtahiniwa hana Kiingereza cha kutosha kujieleza, mtahiniwa hana maarifa ya kutosha ya mada. Wengine hunakili maneno ya swali na kuyapanga upya kama jibu. Natamani kila mkuu wa shule awe na taarifa hizo kwenye meza ya ofisi ya walimu, kwa sababu zinaeleza shida ya watoto wake kuliko kikao chochote cha tathmini wilayani.

Hapa ndipo tunapokutana na suala la lugha, na nitalisema wazi. Mtoto wa shule ya serikali amefundishwa Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili kwa miaka saba. Anafanya mtihani wa darasa la saba, anapumzika miezi michache, na Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya kumwandaa, kisha safari inaanza. Mwalimu mwenye huruma hufanya nini? Anaeleza kwa Kiswahili. Darasa linachangamka, watoto wanauliza, wanatoa mifano ya nyumbani kwao, unaona kabisa wameelewa moyo unavyosukuma damu. Kisha anageuka kuandika nukuu kwa Kiingereza, na mtihani utauliza yale ya ubaoni.

Wataalamu walilisema hili zamani sana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba hata kidato cha nne ni wachache mno, kama mmoja kati ya kumi, waliokuwa na kiwango cha kuweza kuanza kusomea masomo kwa lugha hiyo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote. Haikutekelezwa, na toleo la sera la 2023 likaacha Kiingereza mahali pake sekondari. Mtoto aliyeshindwa kuelewa swali mwaka 1984 leo ni babu, na mjukuu wake anashindwa kwa namna ileile.

Msimamo wangu ni huu. Nchi ikiamua Kiswahili, tuandike vitabu, tuwaandae walimu na tusonge. Nchi ikiamua Kiingereza, basi kifundishwe kweli, na mwalimu anayekijua, tangu madarasa ya chini, kwa vitabu vya hadithi ambavyo mtoto anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Hiki tunachokifanya sasa, cha kumfundisha kwa lugha moja na kumpima kwa nyingine, ni dhuluma kwa mtoto wa maskini. Mwenye uwezo amekwishampeleka wake shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Anayebaki kuumia ni yule ambaye baba yake hana ada.

Lakini tusije tukadhani lugha ni yote. Kuna watoto wanaoshindwa kusoma hata Kiswahili kwa kuelewa. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza hapa nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita, zimekuwa zikitueleza kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto kama huyo anafikaje sekondari? Anafika. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba umekuwa ukisahihishwa kwa mashine, mtoto anatia kivuli kwenye herufi ya jibu alilochagua, na kwa miaka kadhaa hata Hisabati ilikuwa ya kuchagua jibu tu. Machaguo ni matano. Asiyejua kugawanya kabisa, akibahatisha, katika maswali matano atapata moja. Usahihishaji umekuwa wa haraka na wizi wa alama umepungua, hilo nalikubali. Hata hivyo mtoto aliyezoea kutia kivuli hajawahi kuonyesha njia aliyopita mpaka akafika kwenye jibu, na sekondari njia ndiyo inayotolewa alama.

Ndiyo maana sishangai Hisabati ikiwa jeraha letu la kudumu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2021 na ya 2022, waliofaulu somo hilo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wanne waliobaki si kwamba hawana akili ya hesabu. Wapeleke sokoni Jumamosi, uone wanavyorudisha chenji. Walipotezwa kwenye sehemu na desimali huko darasa la tano, hakuna aliyerudi kuwachukua, na tangu hapo kila mada mpya imekuwa ikiwapita juu ya vichwa.

Yapo mengine, na msikilizaji wangu unayajua. Mtoto anatembea kilomita nane kwenda na nane kurudi bila kitu tumboni. Shule imekataza mchango wa chakula au wazazi wamegoma kuutoa. Binti amepangishiwa chumba karibu na shule, tunakiita geto, anaishi peke yake akiwa na miaka kumi na tano, na kijana wa bodaboda ndiye anayemletea chipsi. Maabara zilijengwa kwa amri katika kila shule ya kata mwaka 2014 na 2015, lakini jengo bila kemikali wala mwalimu wa Fizikia ni chumba tu. Na ndiyo, wapo wavivu, wapo wanaokesha na simu, wapo wanaosubiri mtihani uvuje. Wanapaswa kuambiwa ukweli. Ila karibu robo milioni ya watoto hawawezi kuwa wavivu kwa pamoja katika mwaka mmoja.

Mtu ataniuliza, mbona siku hizi ufaulu umepanda, mbona tunasikia asilimia 85 na zaidi? Ni kweli, na walimu wanastahili pongezi zao. Lakini fungua ndani ya namba hiyo. Katika matokeo ya 2022, takriban nusu ya watahiniwa wote walipata daraja la nne. Kuingia daraja la nne kunahitaji D mbili tu, na D inaanzia alama 30. Mtoto mwenye D ya Kiswahili na D ya Uraia, huku amepata F masomo mengine yote, anahesabiwa amefaulu. Naye anajua hakufaulu. Mzazi wake anajua. Chuo alichokwenda kuomba nafasi kimemwambia. Ziro zimepungua kwenye karatasi, na yule binti wa daftari lenye wino mwekundu bado anakesha na nukuu zilezile.

Nilifurahi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Tulikuwa tunashindanisha vitu visivyolingana. Shule inayochuja watoto kwa mtihani wa kujiunga, ikawachuja tena kidato cha pili na kuwahamisha wale wanaosuasua, lazima iongoze. Shule ya kata inampokea kila aliyetumwa, pamoja na yule asiyejua kusoma. Mwalimu anayemchukua mtoto wa namna hiyo na kumtoa na C nne amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyepewa mwenye A akamrudisha na A, lakini picha yake hatukuwahi kuiona gazetini.

Sasa tufanye nini? Nina jambo moja la kupendekeza, na halihitaji kusubiri sera.

Kila mwaka, ikifika Juni au Julai, shule nyingi huanzisha kambi ya kidato cha nne. Wazazi wanachangia mahindi, maharage na fedha, watoto wanalala madarasani, walimu wanakesha nao wakipitia mitihani iliyopita. Bodi ya shule inajitoa, diwani anatoa ng'ombe, kata nzima inashikamana. Nguvu yote hiyo inamwagwa kwa mtoto aliyebakiza miezi minne. Asiyejua kusoma swali hawezi kufundishwa kulisoma kwa miezi minne huku akikimbizana na mada za miaka minne. Anachofanyiwa pale ni kukaririshwa majibu ya maswali ya zamani na kuombewa dua yarudi.

Ihamisheni kambi hiyo kidato cha kwanza. Mahindi yaleyale, maharage yaleyale, walimu walewale. Miezi mitatu ya mwanzo, kabla hamjagusa mada yoyote, mpeni kila mtoto kitabu chepesi asome kwa sauti, aulizwe amesoma nini, aeleze kwa maneno yake mwenyewe, aandike aya tano na zisahihishwe neno kwa neno. Asiyejua kugawanya arudishwe kwenye kugawanya bila kuchekwa. Nawe mzazi usiyejua Kiingereza, usijione huna nafasi. Jioni mwambie mtoto afunge daftari akueleze kwa Kiswahili walichofundishwa leo. Akishindwa kukueleza, hakuelewa. Nenda shuleni kesho yake, usingoje Januari ya mwaka wa nne. Na matokeo ya kidato cha pili yakitoka, yasome kwa makini kama utakavyoyasoma ya kidato cha nne, maana hapo bado kuna miaka miwili ya kuokoa.

Haraka yangu ina sababu. Chini ya mtaala mpya, elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Mwishoni mwa 2027 watamaliza kwa pamoja darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Halmashauri zinahesabu vyumba na madawati, na zinapaswa kufanya hivyo. Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, diwani, mzazi mwenzangu: kwenye kikao hichohicho cha madawati, andikeni pia majina ya walimu watakaokaa na watoto hao kuwafundisha kusoma.